Simu ya Mahari Yenye Manette Tumboni

Mimi ni baba mdogo wa watu kumi na mmoja ambao sina nao hata tone moja la damu. Ndivyo tunavyooana hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Kijana anapata mchumba, halafu anageuka nyuma kutafuta ukoo wa kumsindikiza, anakuta baba alizikwa Bukavu, wajomba wametawanyika, na kaka mkubwa mara ya mwisho alionekana Zambia akiuliza njia. Wazazi wa msichana hawataki hadithi. Wanataka kuona benchi lililojaa watu wenye makoti. Basi kijana anaazima. Mimi, Sylvain, fundi cherehani, naazimwa kuliko ngazi ya kanisa, kwa sababu nina koti na nina mdomo.

Mwaka 2012 aliyekuja kuniazima alikuwa Lwaboshi.

Lwaboshi alitoka Bukavu na suruali mbili, zote akiwa amezivaa, na kwa njia ambazo nazijua na sizisimulii alijenga chumba cha pley: televisheni mbili, mashine mbili za michezo, benchi nne, na mlango aliouchora zile alama nne, pembetatu, duara, msalaba na mraba, za kwenye manette, yaani kile kidude cha vitufe ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili. Kutwa nzima ungesikia vijana wakipiga kelele za goli humo ndani kana kwamba timu ya taifa imepita. Alimpenda Fortunée, na Fortunée alimpenda yeye. Shida ilikuwa wenye Fortunée.

Baba, Papa René, alifundisha hesabu Bukavu miaka ishirini, na hadi leo halali bila kalamu mfukoni. Mama, Mama Jeannette, ndiye présidente wa kina mama wa kanisa letu. Kila Ijumaa, kwenye maombi ya kufunga, alikuwa anakitaja chumba cha pley kwa jina mbele za Bwana, kati ya malaria na wachawi.

Hata hivyo orodha ya mahari ilikuja, imeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu: mbuzi, vitenge vya mama, koti la baba, kreti mbili za sucré, yaani soda, na mwisho kabisa, chini yake mstari, “telefone moja ya maana, ya kisasa”. Papa René alikuwa na dada Bukavu ambaye hakuwa amemwona uso kwa miaka tisa, na alikuwa amesikia kwamba siku hizi picha zinapita hewani.

Lwaboshi aliuza televisheni moja na mashine moja kwa mtu wa Dowa Boma. “Nimebaki na jicho moja, tonton,” akaniambia; tonton ni baba mdogo. Tukaenda Lilongwe.

Pale soko la Tsoka tulimtafuta Ngongo, mtu wa Kindu, ambaye huuza simu zilizokwisha kutumika chini ya kioo kilichopasuka, na husema kwamba kioo hicho kilipasuka kwa ajili ya uaminifu, ukimuuliza vipi anabadilisha mazungumzo. Akatutolea simu tatu. Nilizipenda zote tatu. Halafu akatoa ya nne, nzito, nyeusi, akaisukuma kwa kidole gumba, na sehemu ya chini ikateleza ikatoka kama droo. Ndani ya droo, manette. Vitufe, alama nne, kila kitu.

Lwaboshi aliangalia kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

“Hii ni ya kampuni yenyewe?”

“Yenyewe,” Ngongo akasema. “Bale bale ba mashine yako ya pley.”

“Lwaboshi,” nikasema, “mtu wa kutengeneza michezo anajua nini juu ya simu?”

“Tonton, ile mashine yangu inakula vumbi ya Dzaleka miaka sita. Umeme inakatika mara tano kwa siku, inarudi na hasira, mashine hainung'uniki. Ile simu yako ya tochi, umeshaifunga na raba mara ngapi?”

“Tuache simu yangu. Mimi nauliza hivi: fundi anayetengeneza majeneza akikuuzia kitanda, utalala?”

“Kama kitanda ni muzuri, nitalala.”

“Kulala utalala. Mimi nauliza habari ya kuamka.”

Ngongo akacheka hadi akashika meza. “Mi sina upande,” akasema. “Kesho bakitengeneza sufuria, nitauza na sufuria.”

“Na Papa René?” nikamuuliza Lwaboshi kwa sauti ya chini. “Akiona hiyo manette?”

“Ataiona wapi? Papa atapiga simu tu. Manette inalala mu tumbo, nani atamuamsha?”

Hapo ningepaswa kumvuta shati tuondoke. Maisha yamenipiga vya kutosha hadi najua sauti ya kosa linapokuja, hata likiwa bado liko mbali. Lakini alikuwa amenitangulizia chipsi na kuku, na kwa kweli simu ilikuwa nzuri. Tukainunua. Kurudi, aliishika mkononi njia nzima, hakuiweka mfukoni hata mara moja.

Jumamosi mchana tukakaa kwenye benchi, watu watano, makoti manne. Msemaji wa upande wao alikuwa Mama Pascaline, muuza ndagala, ambaye sokoni wateja humlipa haraka ili anyamaze.

“Wageni, karibuni,” akaanza. “Tunaona bantu benye makoti. Koti ya ule wa katikati ilikuwa ya ndugu yake munene?”

“Ni yangu, mama,” nikajibu. “Niliishona nilipokuwa na mwili. Mwili ulibaki Bukavu, koti likakimbia na mimi.”

“Na hii mbuzi?”

“Inatoka Madisi.”

“Kwa miguu, ao kwa kufunga na kuomba?”

“Kwa yote mbili, mama. Ilisikia inakwenda kwa bantu ba kanisa.”

Kicheko. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Vitenge vikakubaliwa, koti likapimwa begani, sucré ikahesabiwa. Kisha nikatoa simu, imefungwa kwenye kitambaa nilichokipinda mwenyewe. Mama Pascaline akaifungua, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaiinua juu ili watu waione. Kidole gumba chake kikasukuma.

Ka!

Droo ikatoka. Nyumba nzima ikaziona zile alama nne, na hakuna mtu wa Dzaleka asiyezijua, kwa sababu Lwaboshi mwenyewe alizichora mlangoni kwake kubwa kama sahani za ugali wa nsima.

“Papa René,” Mama Pascaline akasema polepole, kama mtu anayetoa habari za msiba. “Uliomba telefone. Hawa banakuletea chumba ya pley yote. Paka mlango tu njo imebaki.”

Mama Jeannette akaweka mkono mdomoni. Papa René akasimama.

“Mwalimu mzima,” akasema. “Nizungumuze na dada yangu ndani ya kitu ya batoto?”

Nikaomba neno. Nilikuwa nimelitayarisha tangu Lilongwe, kwa hofu.

“Wazazi,” nikasema, “kwenye orodha yenu mliandika sucré. Ziko pale, mmezihesabu. Sasa naomba mtu anikumbushe: kule Bukavu, sucré ilikuwa inatoka kiwanda gani?”

Kila mtu alijua.

“Kiwanda ya bia,” akasema mzee mmoja wa upande wao, kwa aibu kidogo.

“Aksanti, papa. Lori moja: bia nyuma, sucré mbele. Na pasta alikuwa anakunywa, anafuta midomo, anasema Bwana asifiwe. Hakuna aliyeuliza mutengenezaji wa bia anajua nini juu ya limonade. Tulionja, ikawa tamu, tukameza. Sasa juu ya nini kampuni ya mchezo isitengeneze simu?”

Benchi langu likapiga makofi. Mama Pascaline akasubiri yaishe. Mtu anayesubiri makofi yako yaishe, muogope.

“Papa Sylvain, umesema muzuri. Lakini mi sijaona chupa ya sucré ile unafungua, na bia inatoka chini yake, ka! Mutu wa bia anajua kutenganisha. Huyu wa mchezo hajui. Alianza simu vizuri, roho ikamuwasha, akaficha mchezo ndani. Mutu wa vile, umupe kazi ya kutengeneza Biblia, utafungua Zaburi, manette inatoka.”

Walicheka wote. Benchi langu pia lilicheka, wasaliti wale. Nikakaa.

Papa René akaichukua simu, akairudisha droo ndani kwa uangalifu, kama mtu anayemfunga shati mtoto wa mwenzake.

“Tusibishane kama bantu ba soko,” akasema, na Mama Pascaline akajifanya hajasikia. “Hii ni swali ya kupima. Nitabaki nayo juma moja. Ikifanya kazi ya simu, ni simu. Ikishindwa, mutaleta ingine, na ndoa itangoja.”

Kila mtu pale ndani alijua “ingine” ilikuwa na maana gani. Ilikuwa na maana ya jicho la pili la Lwaboshi: mashine iliyobaki, na chumba kufungwa.

Jumatano Fortunée alituma neno. Simu ilikuwa inachajiwa hadi inajaa, na ikifika saa kumi za mchana imekufa. Baba alikuwa amefungua daftari. Alikuwa anaandika kila saa, mistari mingapi ya betri, kwa rangi mbili. Lwaboshi alikuja kwenye cherehani yangu, akakaa juu ya vitambaa vya watu, hakusalimia.

“Pengine ulikuwa na haki, tonton,” akasema. “Majeneza.”

Sikupenda kuwa na haki siku hiyo.

Alhamisi Mama Jeannette mwenyewe akaja, na sketi ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Akaniomba niipunguze, halafu akasema nisiipunguze. Macho yalikuwa mekundu.

“Papa Sylvain, we unasali sana.”

“Asante kwa habari, mama. Sikuwa najua.”

“Usicheke. Kama mutu anaona bata. Bata iko na mayai yake saba. Inavuka mito. Mto ya kwanza inavuka, ya pili inavuka, mpaka ya sita. Inafika mto ya saba, mamba iko pale, kinywa wazi. Kila siku inafika pale. Kila siku inaliwa.” Akashusha pumzi. “Ile inaweza kupita wapi?”

Kanisani kwetu mtu mwenye maono ya namna hiyo haachwi aende nyumbani peke yake. Nikaweka mkasi chini. Na mara moja nikaelewa yote: bata alikuwa Lwaboshi, mito ilikuwa mipaka aliyovuka tangu Bukavu, mayai ndiyo yale machache aliyoyaokoa, na mamba, Mungu anisamehe, alikuwa Papa René. Nikamwombea mama yule kwa nguvu, mkono mmoja juu ya sketi. Alisema amina, lakini alisema kama mgonjwa wa jino aliyepewa dawa ya tumbo.

Jioni nikamweleza Lwaboshi maono ya mama mkwe wake. Alisikiliza, akakunja uso.

“Mayai ngapi, tonton?”

“Saba.”

“Na mamba iko upande wa kushoto, karibu na jiwe?”

“Mimi sikuuliza mambo ya upande! Ni maono.”

“Tonton. Ile haiko maono. Ile ni mchezo iko ndani ya ile telefone. Hata mi, ku mashine yangu, nilikwama pale juma mbili.”

Tukaangaliana. Tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha, mmoja baada ya mwingine, tukaacha, kwa sababu tulikuwa tumeupata ukweli na hatukuwa na pa kuuweka. Kwetu mkwe hampi mkono mama mkwe, hakai naye benchi moja, na akimwona njiani anakata kona. Sasa asimame mbele ya wazee aseme, mama yenu njo anamaliza betri? Na mimi ni wa kuazima tu. Ningemtaja présidente, wangenirudisha kabla ya chakula.

“Nitanyamaza,” Lwaboshi akasema. “Bora niuze mashine.”

Alisema hivyo, na alikuwa anamaanisha.

“Na huyo mamba,” nikauliza, “anapitwaje?”

“Unamutupia yai moja. Bantu bote banataka kuvuka na saba, njo maana banaliwa. Ukitupa moja, anafunga kinywa, unapita na sita.”

Jumamosi tukarudi, makoti yaleyale. Papa René alisimama na daftari kana kwamba tumekuja kupokea matokeo ya mtihani.

“Siku ya pili, saa nane: mistari mitatu. Saa kumi: hakuna. Siku ya tatu, saa nane: mistari mitatu. Saa kumi: hakuna. Siku zote ni vile.” Akavua miwani. “Kati ya saa nane na saa kumi mi nalala. Simu iko juu ya meza, haipigi, haipigiwi, na bado inakufa. Njo kusema kampuni ya mchezo haijui betri ya bantu bazima. Dada yangu nilimuona uso mara moja, mara moja tu, sauti ikakatika. Hapana. Kila mutu afanye kazi yake.”

Mama Pascaline alikuwa tayari anaikunja simu ndani ya kitambaa. Lwaboshi aliangalia viatu vyake. Neno moja tu lingemwokoa, alikuwa nalo, na hakulifungulia mdomo. Pazia la chumbani, alikokaa Fortunée, likatikisika mara moja. Na Mama Jeannette alikuwa ameinamisha kichwa, lakini juu ya kitenge chake vidole gumba viwili vilikuwa vinatembea vyenyewe, kulia, kushoto, kulia.

“Kabla hatujachukua simu yetu,” nikasema, “niliota ndoto.”

“Papa Sylvain,” Mama Pascaline akasema, “hesabu imekushinda, sasa unaingia mu unabii?”

“Mama, ndoto haina ushuru. Niliona bata, ana mayai saba, anavuka mito. Akafika mto wa saba. Mamba yuko pale, kinywa wazi.”

Vidole gumba vikasimama.

“Nikasikia sauti inasema: we bata, unataka kuvuka na mayai yote, njo maana unaliwa. Mutupie yai moja. Atafunga kinywa. Pita na sita.”

“Paka moja tu?” akauliza Mama Jeannette.

Alikuwa amesema kabla ya kufikiri, kwa sauti ya mtu aliyepoteza siku tano za maisha yake pembeni ya mto. Papa René akageuka polepole, kwanza kichwa, halafu mabega. Mama Jeannette alinitazama, akamtazama Lwaboshi, akatazama pazia. Kisha akasimama, akakaza kitenge kiunoni.

“Bon,” akasema. “Basi yai yangu njo hii. Ni mimi. Simu haina kosa. Baba analala, maharagi iko ku moto, na maharagi inataka masaa mbili. Mulitaka nifanye nini, niangalie sufuria?”

Mama Pascaline alifungua kinywa. Akakifunga.

“Tangu siku ya kwanza?” Papa René akauliza.

“Tangu ya pili. Ya kwanza nilikuwa natafuta kwenye inawashiwa.”

Mwalimu aliangalia daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, rangi mbili. “Niliandika saa,” akasema. “Niliandika mistari. Sikuandika bantu.” Akalifunga. “Simu ni simu. Na amende ya kosa hii inalipwa na upande wetu. Mama Pascaline, kreti moja ya sucré.”

“Mimi?”

“We njo musemaji. Sema kwa muuzaji.”

Pazia likafunguka, na Fortunée akatoka kabla hajaitwa, jambo ambalo lina amende yake pia, lakini siku hiyo hakuna aliyeikumbuka.

Walioana kabla ya mvua. Chumba cha pley kiko wazi hadi leo, kikiwa na jicho moja. Na Ijumaa, kwenye maombi, présidente wetu sasa anatoka kwenye malaria anaingia moja kwa moja kwa wachawi. Kampuni ile ikinitumia mtu aje kuniuliza kama ilifanya vema kutengeneza simu, nitamwambia ndiyo, tengenezeni, lakini mkumbuke betri ya watu wawili.

Ila heshima ya mkwe iko palepale. Kwa hiyo karibu kila juma, saa nane, Mama Jeannette hukaa upande huu wa cherehani yangu na ile simu nyeusi, na Lwaboshi hukaa upande ule, nyuma ya magauni yaliyotundikwa, hatua mbili kutoka kwake.

“Papa Sylvain, umuambie mukwe wangu: mto ya kumi na ine, kuna ngazi mbili.”

“Tonton, umuambie mama: ya kuume. Ya kushoto imeoza.”

Nageuza shingo. “Mama, ya kuume. Ya kushoto imeoza.”

“Nimesi–” anasema, halafu anakumbuka adabu, anakohoa. “Amesema nini? Sikusikia.”